Nani Imara Zaidi: Mkimbiaji au Mchezaji wa Raga?

Swali: Mimi hukimbia mita 10,000, kaka yangu hucheza raga. Nani ana mwili imara zaidi? – Msomaji, Kehancha

Jibu: Ndugu msomaji, hakuna kipimo kimoja. Mwaka 2023 huko Chicago, Kelvin Kiptum alimaliza maratoni kwa saa 2:00:35, kazi ya moyo na mapafu. Julius Yego alirusha mkuki mita 92.72 Beijing mwaka 2015, nguvu za ghafla. Raga hudai yote mawili, pamoja na kugongana. Ferdinand Omanyala aliicheza kabla ya kukimbia mita 100 kwa sekunde 9.77.

Shindaneni mbio za kilomita 3, za mita 30, na kuruka mbali mkiwa mmesimama. Anayeshindwa popote, hapo ndipo pa kufanyia mazoezi.