Kitufe cha Dereva Hakiazimwi: Elimu ya VTS kwa Mabasi ya Kyela

Kuna madereva wanaoamini kwamba kifaa cha VTS, yaani cha kufuatilia mwenendo wa gari, kimefungwa ndani ya basi ili kuwapeleleza. Wasikilize vizuri. Kinachotumwa LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, ni mahali basi lilipo, mwendo wake, saa, na nani ameshika usukani. Taarifa hizo ni ndogo. Kila zinapotumwa hazifikii uzito wa picha moja ya WhatsApp, ndiyo maana zinaweza kutumwa safari nzima. Kifaa hujua kilipo kwa setilaiti, kisha hutuma taarifa hizo kwa laini ya simu iliyo ndani yake. Mtandao ukikata, huzihifadhi na kuzituma ukirudi. Kwa hiyo yale maneno ya "huku milimani hawatuoni" yaishe. Unachelewa kuonekana tu.

Mfumo huu ulianza enzi za SUMATRA, mamlaka iliyoitangulia LATRA, na LATRA imeuendeleza tangu ilipoundwa mwaka 2019. Unawahusu zaidi wenye mabasi ya masafa marefu. Wengine wasome masharti ya leseni zao.

Sasa tuje kwenye kitufe, ambacho kila dereva ana chake cha kumtambulisha kwenye kifaa. Dereva hukigusisha kwenye kisomaji kabla ya kuondoa gari, na mwenzake hugusisha cha kwake akipokea usukani. Kutoka Dar es Salaam hadi Kyela ni zaidi ya kilomita 900, na tangu Oktoba 2023 mabasi yanaruhusiwa kusafiri usiku. Kwa umbali huo, safari hiyo inataka madereva wawili. Mmoja akigusisha vitufe vyote viwili, mfumo unasoma watu wawili waliopumzika, kumbe ni mmoja, tena amechoka, na mteremko mkali wa kutoka Tukuyu kushuka Kyela unamsubiri mwisho wa safari, si mwanzo.

Tunarudia: kitufe hakiazimwi. Hakikai kwa konda. Hakiachwi kwenye dashibodi. Na asiwepo wa kuchomoa waya wala kufunika kifaa. Huko ni kuhatarisha abiria, na leseni iko mashakani.

Mwisho wa mwendo kwa basi la abiria ni kilomita 80 kwa saa, na 50 penye makazi. Ukizidisha, kengele inalia.

Abiria, kengele ikilia na konda akaongeza sauti ya muziki, au madereva wakipokezana bila kugusisha kitufe, msinyamaze. Toeni taarifa LATRA au kwa askari wa usalama barabarani mngali safarini.