Dondoo muhimu: Kurudi kuandika baada ya safari ya familia

Mmerudi Dodoma kutoka Kondoa na watoto, na daftari halijaguswa tangu likizo ianze. Usihangaike kusimulia safari nzima. Chagua kituo kimoja: michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, inatosha kurasa kadhaa. Eleza wekundu wa michoro, kilima mlichopanda kwa miguu, swali alilouliza mtoto mbele ya jiwe. Maneno ya mtoto yaandike kwanza, ndiyo yanayosahaulika upesi. Majina ya vijiji muulize mwenzako. Risiti za mafuta usizitupe; zina tarehe, saa na mahali. Anza leo usiku, hata kwa aya moja.