Somo: Agostino Mwanafunzi

Wakatekumeni wapenzi, wako kati yenu wanaouliza: Nimekwisha kujua sala zote kwa moyo, mbona ningali ninangojeshwa ubatizo? Sikilizeni habari za Agostino.

Agostino alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, nchi iitwayo leo Algeria. Tangu utoto alikuwa mkatekumeni. Alipopata miaka 17 hivi alikwenda Karthago kujifunza ufundi wa kusema mbele ya watu. Akawa wa kwanza shuleni, akajivuna, maana alitafuta sifa tu.

Alipokuwa katika mwaka wa 19 wa maisha yake alisoma kitabu cha Cicero, Mroma asiyekuwa Mkristo. Wengine walikisifu kwa utamu wa maneno yake. Agostino alishikwa na maana yake, akaanza kutamani hekima yenyewe. Walakini hakugeuka siku ile. Kwanza aliwafuata Wamanikeo miaka kama 9. Mwaka 387, akiwa na miaka 32, ndipo alipobatizwa na Askofu Ambrosio huko Milano.

Baadaye aliyaandika hayo katika kitabu chake cha Maungamo. Humo asema pia kwamba Kigiriki alichofundishwa kwa vitisho kilimchukiza, bali Kilatini alikijua upesi kwa kusikia walezi wakimbembeleza na kucheza naye.

Basi, ajuaye jibu la katekisimu amefanya vema, lakini safari yake haijaisha.

Maswali:
1. Agostino alitafuta nini kwanza, na nini baadaye?
2. Jibu ulilojifunza juma hili limegeuza nini nyumbani mwako?