Kila Kengele na Namba Yake

Mkulima wa Timau, ukiona asubuhi kwamba ng'ombe wako anataka dume, yafaa apandishwe jioni ile ile. Ukimwona jioni, apandishwe kesho yake asubuhi. Ukisahau, utangoja kama siku 21 tena, na kungoja huko ni hasara ya maziwa na ndama.

Ikiwa kijana wako anajua kuandika programu za simu, anaweza kukutengenezea kengele za kukukumbusha. Lakini katika simu za Android ni lazima ashike mambo haya matatu.

Kwanza, kila kengele ipewe namba yake. Kengele ya kukama na ya kupandisha zikiwa na agizo moja na namba moja, ile iliyowekwa mwisho huifuta ya kwanza, wala simu haikuonyi. Ni kama kuwatia ng'ombe wawili hereni zenye namba moja.

Pili, namba na saa zote ziwekwe katika akiba ya simu. Simu ikizimwa, kengele hizo hupotea. Basi programu izipange upya simu inapowashwa.

Tatu, ng'ombe akisha kupandishwa, kengele yake ifutwe kwa namba ile ile iliyoiweka.

Kabla ya kuitegemea, ijaribu. Weka kengele mbili: moja ilie baada ya dakika 5, ya pili baada ya dakika 10. Ikilia ya pili peke yake, mwambie kijana atazame namba zake.