Asiondoke Mikono Mitupu

Somo la mwezi kwa vikundi vya mtaa
Soma: Kumbukumbu la Torati 15:12–15, Yakobo 5:1–4



Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipanda mno, nasi wa Kyela tuliiona neema hiyo. Mwaka 2025 ikashuka sana. Bei ikianguka, mwenye shamba hupunguza vibarua, mwenye duka humwachisha kijana wake, na kampuni hupunguza wafanyakazi. Je, ni haki kumwachisha kazi mtu asiye na kosa?

Tusijibu haraka. Mwajiri aliyeishiwa hawezi kulipa mishahara kwa nia njema tu, na akifilisika wote watakosa kazi. Kwa hiyo kupunguza wafanyakazi si dhambi kwa lenyewe. Yatupasa kupima jinsi linavyofanyika, na ni nani anayebebeshwa hasara.

1. Neno la Mungu
Musa anafundisha juu ya mtumwa aliyetumika miaka 6. Mwaka wa 7 aachwe huru, lakini bwana wake asimtoe mikono mitupu. Ampe katika kondoo, nafaka na divai yake, akikumbuka kwamba Waisraeli nao walikuwa watumwa Misri. Kitu hicho si sadaka kwa maskini. Ni sehemu ya baraka iliyopatikana kwa jasho la yule anayeondoka. Yakobo naye anaonya kwamba ujira uliozuiwa unalia, na kilio chake kinafika kwa Mungu.

2. Sheria ya nchi
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa mapema anapokusudia kupunguza watu. Akae nao au na chama chao, aeleze sababu, wazungumze njia za kuepuka jambo hilo, na jinsi ya kuchagua wa kuondoka. Asichague kwa kabila, dini wala ujauzito. Anayelipwa kwa mwezi apewe notisi ya siku zisizopungua 28. Aliyetimiza mwaka au zaidi alipwe kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, mwisho miaka 10. Aliyefanya kazi miaka 8, basi, hupata mshahara wa siku 56. Anayeona ameonewa apeleke shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Wengi hukosa haki kwa kuchelewa.

3. Tuliyoyaona
Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, wafanyakazi wake walibaki wakidai mafao yao. Huku Tanzania wazee hao walikuwa bado wakidai baada ya mwaka 2000, na wengi walifariki kabla ya kulipwa. Hapa jirani, mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira ulianza kuzalisha mwaka 1988, ukabinafsishwa mwaka 2005, kisha ukarudi kwa Serikali. Wafanyakazi wake nao walijua maana ya kungoja mshahara. Wakubwa hubadilishana mali kwa sahihi, lakini mtoto wa mfanyakazi hulala njaa usiku huohuo.

4. Sisi wenyewe
Tusiwanyoshee kidole wenye makampuni tu. Tunaoajiri vijana kupalilia mpunga Ipinda au kuchuma kakao Matema ni waajiri pia. Hata mtaa wetu una mlinzi. Sadaka ikipungua, ni rahisi kumwondoa yeye kwanza, kwa kuwa hana sauti barazani. Kabla ya hapo tujiulize: tumepunguza posho na safari zetu? Tumemwambia ukweli mapema? Haki ni kwamba mwenye nguvu aanze kubeba, na mnyonge asibebe peke yake.

Maswali ya kujadili
1. Ni nani katika mtaa wetu aliyepoteza kazi mwaka huu? Nani amemtembelea?
2. Je, tunamdai kibarua kazi kamili huku sisi tukichelewesha malipo yake?
3. Umoja wa Akina Mama na Baraza la Mtaa wafanye nini kwa nyumba hizo?

Tuombe
Ee Bwana, uliyefanya kazi kwa mikono yako Nazareti, uwakumbuke waliokosa kazi. Utupe sisi moyo wa kulipa tunachodaiwa, kwa wakati wake. Amina.