RUHUSA KATIKA SIMU: UNAMFUNGULIA NANI MLANGO?



Leo tutajifunza juu ya ruhusa katika simu za tachi. Somo hili ni la kila mwenye simu, na pia la wale wanaotumia simu moja familia nzima.

Ruhusa ni nini?

Ukiweka programu mpya, simu inakuuliza: je, programu hii iruhusiwe kuona majina, picha, ujumbe au mahali ulipo? Mgeni akifika nyumbani tunampa kiti na maji. Hatumpi ufunguo wa sanduku. Na programu ni hivyo hivyo: ipewe kile inachohitaji kwa kazi yake, basi.

Yaliyonipata mimi

Mwaka 2023 nilipokea faili katika kundi la WhatsApp. Lilitoka kwa mtu ninayemfahamu, limeandikwa kuwa ni fomu ya kwenda Kanada. Nililiweka kwenye simu. Likaomba majina, likaomba na ujumbe mfupi. Nikabonyeza Ruhusu, Ruhusu, bila kusoma. Fomu sikuiona. Jioni watu wote waliomo katika simu yangu walipata ujumbe kwa jina langu, wakiombwa pesa ya fomu. Mama yangu mdogo, aliyebaki Baraka, aliamini ni mimi. Alituma dola 40 alizozipata kwa kuuza samaki. Deni hilo nimelichukua kuwa langu.

Ndugu, majina yaliyo katika simu yako si yako peke yako. Wamo watu waliobaki nyumbani, na wengine hawataki ijulikane wako wapi. Ukibonyeza Ruhusu, umewajibia na wao, nao hawakuulizwa.

Ruhusa za kuangalia sana

– Majina: namba za watu wako zinaweza kuchukuliwa zote kwa mara moja.
– Ujumbe mfupi: ndimo zinamofika namba za siri za pesa na za WhatsApp.
– Mahali: inaonyesha ulipo na unakopita.
– Picha: wengi tumepiga picha kadi zetu na karatasi za familia.
– Kamera na maikrofoni: kuona na kusikia.
– Ufikivu: huu ni msaada kwa wenye ulemavu, kama wasioona vizuri. Lakini programu mbaya ikiupata inaweza kusoma kioo chote na kubonyeza kwa niaba yako. Usiutoe kwa programu usiyoijua.

Jinsi ya kufanya

1. Fungua Mipangilio, kisha Programu. Chagua programu moja, bonyeza Ruhusa. Maneno hutofautiana kidogo kati ya simu na simu.
2. Jiulize: kazi yake inahitaji hili? Tochi haihitaji majina ya watu.
3. Isipohitaji, chagua Usiruhusu. Ikihitaji mara chache, chagua wakati wa kuitumia tu, au mara hii tu. Nafasi ya kwanza, kwa mahali, ilikuja na Android 10 ya mwaka 2019. Ya pili na Android 11 ya mwaka 2020.
4. Simu zilizo chini ya Android 6, ya mwaka 2015, huomba ruhusa zote pamoja wakati wa kuweka programu. Hapo ukiona inaomba mengi, usiiweke.
5. Kuanzia Android 12, ya mwaka 2021, alama ndogo ya kijani juu ya kioo inaonyesha kuwa kamera au maikrofoni inatumika. Ukiiona nawe hupigi picha wala huongei, angalia ni programu gani.
6. Programu usiyoitumia, iondoe.

Tufahamu jambo moja: kuondoa ruhusa kunazuia ya kesho, lakini hakurudishi kilichokwisha kuchukuliwa. Ikishatokea, iondoe programu hiyo, badilisha namba za siri, na uwaambie watu wako upesi wasitume pesa. Usifiche kwa aibu. Mimi nilificha siku mbili, na mama mdogo alituma siku ya pili.

Tunakumbusha pia: huduma za UNHCR na washirika wake ni za bure, pamoja na kuhamishiwa nchi ya tatu. Anayeomba pesa ya fomu ni tapeli, hata kama ujumbe una jina la ndugu yako. Mpigie kwanza, usikie sauti yake.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini majina katika simu si yako peke yako?
2. Programu ya redio inaomba kusoma ujumbe mfupi. Utafanya nini?
3. Umegundua umetoa ruhusa kwa makosa. Taja hatua tatu.

Kazi ya nyumbani: fungua programu tatu katika simu yako na uangalie ruhusa zake. Mwenye watoto wanaochezea simu afanye pamoja nao. Asiyejua kusoma asaidiwe na mtu wa nyumbani mwake anayemwamini, au amwone mhamasishaji wa kanda yake.