Tulishinda, Balipigwa: Viambishi vya nafsi katika mabishano ya mpira Lubumbashi

Asubuhi baada ya mechi, huhitaji kuuliza matokeo ya Mazembe. Sikiliza kitenzi cha kwanza utakachokutana nacho njiani Kamalondo. Mtu akisema *Tulibapiga*, mchezo uliisha vizuri. Akisema *Balipigwa*, naye amevaa jezi ya mistari nyeusi na nyeupe, umeshajua yaliyotokea. Timu ni ile ile, na mshabiki hajahamia Lupopo. Kilichohama ni kiambishi.

Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba washabiki wa mji wetu, wanapobishana juu ya utabiri, waamuzi na makocha, hubishana kwa sarufi kabla ya kubishana kwa hoja. Mifano naiandika kama inavyosemwa: *ba-* mahali pa *wa-*, na *arbitre mwenye alituibia* mahali pa *mwamuzi aliyetuibia*. Najua kalamu nyekundu za walimu wetu zinavyozipokea sentensi za namna hiyo. Naomba kalamu hizo zisubiri kidogo, kwa sababu ninachokichunguza hapa kimo pia katika Kiswahili sanifu. Huku kwetu kinasikika tu waziwazi zaidi.

Kitenzi cha Kiswahili chenye wakati hakisimami bila kiambishi cha mtendaji. Anayetaka kusema habari ya mechi lazima achague, katika kila kitenzi, kama yeye yumo au hayumo. Hawezi kukaa mlangoni. *Tulishinda* inamweka uwanjani pamoja na wachezaji kumi na mmoja, hata kama alikuwa kitandani akisikiliza redio. *Balipigwa* inamtoa. Wapo wanaosema *tulipigwa*, na hao wanastahili kutazamwa kwa makini: mara nyingi ni wazee, na wanaisema sentensi hiyo polepole, kama mtu anayelipa deni lake mbele ya watu. Kijana akisema *balipigwa* mbele ya mzee wa namna hiyo huulizwa papo hapo: *Banani?* Akina nani hao?

Kuna njia ya tatu, nayo imeletwa na pari. Kijana aliyeweka pesa yake kwenye mechi haongei kama mshabiki, hata kama ni mshabiki. Husema *Mazembe itashinda*, au *Mazembe haitashinda*, kwa kiambishi *i-* cha ngeli ya kitu. Timu inakuwa kama bei ya mahindi: itapanda, itashuka. Nimesikia mtu mmoja, katika mazungumzo mamoja, akisema *itatoka nul* alipokuwa na karatasi ya pari mkononi, kisha *leo tunabapiga* alipoikunja na kuiweka mfukoni.

Tazameni pia nyakati. Mshabiki mwenye uhakika hatumii *-ta-* kabla ya mechi. Husema *tunabapiga*, wakati uliopo, au anaacha kitenzi kabisa: *Leo ni mbili kwa sufuri.* Ukisikia *tutashinda*, ujue kuna shaka ndani yake, na mara nyingi jina la Mungu litafuata. Baada ya kushindwa, *-ta-* inaondoka na *-nge-* inakuja. Mfano ninaoupenda unahusu fainali ya Kombe la Dunia la vilabu, tarehe 18 Desemba 2010, huko Abu Dhabi. Mazembe ilikuwa imeifunga Pachuca 1-0 na Internacional ya Brazili 2-0, ikawa timu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini kufika fainali hiyo. Inter ya Milano ikashinda 3-0. Mpaka leo, miaka mingi baadaye, sentensi hii haijafa mjini: *Kama Mputu angekuwako, tungeshinda.* Tazameni kiambishi: *tu-* imerudi! Katika mechi ambayo haikuchezwa, sisi sote tumo.

Lakini Trésor Mputu hakuwako kwa sababu FIFA ilikuwa imemfungia mwaka mzima, baada ya vurugu dhidi ya mwamuzi katika mechi ya Kombe la Kagame nchini Rwanda, mwaka huo huo wa 2010. Sentensi ya *-nge-* inaanza pale inapotaka kuanza. Haisemi *kama Mputu asingemgusa arbitre*. Sharti linachaguliwa, na anayelichagua anaamua pia nani atakuwa na kosa.

Hapo tunafika kwa mwamuzi, na hapa ndipo penye uzito. Linganisheni semi nne hizi, zote juu ya penalti moja:

*Arbitre alikosea.*
*Arbitre alitukosea.*
*Arbitre alituibia.*
*Arbitre alikula.*

Ya kwanza ni kosa la jicho. Mtu hakuona, basi. Katika ya pili imeongezwa silabi moja, *-tu-*, na kosa limegeuka kuwa dhambi juu ya mtu, maana kumkosea mtu si sawa na kukosea. Katika ya tatu, kauli ya kutendea imeshikamana na kitenzi cha wizi: kuna mwenye mali, kuna mwizi, na mwizi haibi kwa bahati mbaya. Ya nne ni fupi kuliko zote, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Alikula nini? Alipewa na nani? Sarufi inaruhusu kunyamaza, na kila msikilizaji anajaza mwenyewe. Kutoka ya kwanza mpaka ya nne ushahidi unaotakiwa unazidi kuwa mkubwa, lakini msemaji haongezi ushahidi wowote. Anabadilisha kitenzi tu. Ngazi hii niliisikia ikipandwa yote katika muda wa kunywa chupa moja.

Mtu atasema haya ni maneno tu ya watu wenye uchungu. Turudi tarehe 18 Desemba 2010. Mwamuzi wa fainali ile alikuwa Yuichi Nishimura, Mjapani. Baada ya mechi, hapa Lubumbashi, hasira ilitoka barabarani na maduka ya Wachina yakashambuliwa, kwa sababu watu walimdhani mwamuzi kuwa Mchina. Nilikuwa mtoto mdogo, kwa hiyo nayajua hayo kwa kusimuliwa na kwa kusoma. Kama mwanafunzi wa lugha, swali langu ni hili: sentensi gani iliwezesha jambo lile? Si *Nishimura alikosea*. Jina la mtu halivunji duka la mtu mwingine. Ilihitajika hatua mbili. Kwanza, mwamuzi apoteze jina na apewe kabila: *Muchinois alituibia*. Neno *Muchinois*, katika mji wa migodi ambamo Wachina walikuwa wamekwisha kuwa wengi, lilikuwa limepanuka mpaka kumeza kila mtu wa Asia ya Mashariki. Pili, umoja ugeuke wingi: *Bachinois balituibia*. Kutoka *mu-* hadi *ba-*. Hatua ya pili hiyo ni jambo la ngeli ya kwanza na ya pili, somo la mwaka wa kwanza, lakini wenye maduka waliilipia kwa mali yao.

Nami nimeitazama mechi ile tena. Pandev alifunga dakika ya 13, Eto'o dakika ya 17, Biabiany dakika ya 85. Sikuona kilichoibiwa.

Kuhusu kocha nitasema machache, kwa kuwa sarufi yake ni rahisi. Yeye ni *a-* daima. Timu ikishinda *tulishinda*. Ikipigwa, *ba-* ya wachezaji haikawii kupungua mpaka ikawa mtu mmoja: *hajue kubadilisha*, *alichelewa*, *aende*. Na hata ushindi haumwingizi katika *tu-*. Rafael Benítez aliyelibeba kombe lile na Inter aliondoka siku chache tu baadaye, ilhali Lamine N'Diaye aliyelikosa aliendelea na kazi Mazembe.

Mfano mkali zaidi ni wa mwaka 1974. Zaire ikicheza na Yugoslavia katika Kombe la Dunia, Blagoje Vidinić alimtoa golikipa Kazadi, mtoto wa mji huu, baada ya mabao matatu tu, wakati mechi haijafika hata nusu saa. Iliisha 9-0. Vidinić mwenyewe alikuwa Myugoslavia. Wazee wakisimulia hutumia kitenzi kimoja: *alituuzisha*, yaani alituuza. Hakuna anayetaja mnunuzi. Ni ndugu yake *alikula*. Katika mechi hiyo hiyo mwamuzi alimpa Ndaye Mulamba kadi nyekundu kwa teke ambalo Mwepu Ilunga alikuja kusema ni lake. Kosa la mwamuzi hapo ni la wazi kabisa, lakini sijasikia mtu akisema *arbitre alituibia* juu ya Ndaye. Nafasi ya mwenye hatia ilikuwa imekwisha kujazwa na kocha, na inaonekana sentensi ya lawama haipendi watendaji wawili.

Imebaki nul, ambayo inanisumbua. Mwaka 1967 TP Englebert, ndiyo Mazembe ya leo, ilicheza fainali ya Afrika na Asante Kotoko ya Ghana: 1-1, kisha 2-2, na mechi ya tatu Kotoko hawakutokea. Kombe likaja Lubumbashi. Wazee niliowauliza hawakusema *tulishinda*, wala *tulibapiga*. Walisema *tulikamata coupe*. Kiambishi *tu-* kipo, lakini kitenzi cha kushinda hakuna aliyekitumia, na hakuna aliyehitaji kuambiwa sababu.